Masufuria Yaliyovikwa Blanketi

Watu wa Mbeya waliomjua Bwana Afya wakimkumbuka hucheka. Wanakumbuka kofia yake ngumu, baiskeli yake isiyo na breki, na jinsi alivyokuwa akiingiza pua kwenye ndoo ya mtu kabla hata ya kupiga hodi. Mimi sicheki. Nilimfahamu kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilimheshimu kuliko nilivyomheshimu mchungaji wetu. Ndiyo maana nimemkasirikia hivi, na sioni aibu kusema kwamba bado nimekasirika.

Kazi yake ilikuwa kukagua vyakula vya mji: nyama machinjioni, maziwa sokoni, mikahawa ya madereva kule Iyunga, jiko la shule, uji wa wagonjwa. Alikuwa Mhehe wa Kalenga aliyeletwa kwetu na serikali, na mpaka anaondoka alikuwa bado akijisahau na kusalimia "Kamwene" kwa watu wasiojua kuitikia. Mimi na dada yangu tuliuza maziwa. Dada alikuwa mjane asiye na mtoto, mwenye shamba lake la viazi alilorithi kwa marehemu mumewe, na mimi nilikaa jirani yake. Kila asubuhi tulishuka mlimani na ndoo kichwani, tukirudi mchana na chumvi au mafuta ya taa.

Siku tuliyomjua ndiyo siku aliyotumwagia maziwa. Jua lilikuwa limeshapanda. Alisimama mbele ya dada, akainua kifuniko, hakunusa hata kidogo.

"Hii maziwa imetoka motoni saa ngapi?"

"Jana jioni, Bwana Afya. Tumechemsha vizuri, tumefunika. Angalia mwenyewe, haina hata unywele."

"Sikukuuliza unywele, mama. Nimekuuliza saa."

Akaibeba ndoo mpaka kwenye mtaro akaimwaga yote. Kisha akaenda kwa mama aliyekuwa karibu nasi, mwenye kibuyu cha mtindi uliokuwa umechacha mpaka unanukia njia nzima, nzi wakizunguka mdomo wa kibuyu. Akaonja kwa kidole, akakunja uso kwa ule ukali, akasema, "Huu uuzwe, lakini funika." Tulidhani ni wazimu. Dada alimfuata mpaka kwenye baiskeli yake, akamwambia mbele ya soko zima kwamba kama anataka rushwa aseme, asitufanye wajinga.

Hakukasirika. Aliegemeza baiskeli akatufundisha pale pale, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Alisema ndani ya maziwa mna wadudu wasioonekana kwa macho, na moto huua wengi lakini si wote. Waliobaki hupenda joto dogo, joto la mwili, joto la ndoo iliyofunikwa vizuri, na humo huzaana usiku kucha bila kubadili rangi wala harufu. Mtindi una ukali wake, na ukali huo unawakomesha. "Kilichochacha kimekwisha kujilinda," alisema. "Kitamu kilichokaa ndicho ninachokiogopa." Kuanzia wiki ile dada alianza kuchemsha alfajiri badala ya jioni, na hakumwagiwa tena.

Sokoni walimtania sana kwa wadudu hao. Mtu akijikwaa, wadudu wa Bwana Afya. Mvua ikichelewa, wadudu wa Bwana Afya. Yeye alicheka nao, akaendelea kuuliza maswali yake matatu, ambayo kila muuza chakula alikuja kuyajua kwa moyo: Kilitoka motoni lini? Kimekaa kwenye nini? Nani atakula? La tatu ndilo lililotushangaza zaidi. Nyama ile ile ya kuchoma aliyowaachia madereva wa malori waile saa saba mchana, aliikataa isipelekwe kwa wagonjwa saa kumi. Mwenye mkahawa akamfokea, nyama ni moja, iweje iwe nzuri hapa na mbaya kule? Bwana Afya akamjibu, "Tumbo la dereva siyo tumbo la mtoto aliyeachishwa ziwa jana. Mimi sikagui nyama. Nakagua nyama na mlaji wake."

Nilipenda sana jibu hilo. Nililitumia nyumbani kwangu, nikamkataza mama mkwe kuwapa watoto kiporo cha wali, na nikagombana naye kwa ajili ya Bwana Afya. Alikuwa pia na methali zake. Mama akilalamika kwamba watoto watalia njaa chakula kikimwagwa, alimwambia, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Muuza nyama akinyunyizia pilipili kwenye nyama iliyoanza kunuka, alimwambia, "La kuvunda halina ubani," na akaipaka nyama hiyo mafuta ya taa asije mtu akaifukua shimoni. Leo nikikumbuka kwamba ni yeye aliyekuwa akisema maneno hayo, damu inanichemka.

Hakuwa mtu wa namna moja. Mikono yake aliinawa mpaka kwenye viwiko, kwa sabuni ya kufulia, kila alipotoka machinjioni, mpaka ngozi ikapasuka. Lakini kila aliporudi likizo kwao Iringa alikunywa ulanzi, pombe ya mianzi, kama wenzake, kikombe kimoja kikizunguka midomo kumi. Siku moja aliporudi Mbeya nilimuuliza mbona huko hana maswali. Akasema ulanzi nao ni mkali, unajilinda. Nikamuuliza na kikombe je, nacho ni kikali? Akacheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Dada, mtu hawezi kuwa Bwana Afya kwa mama yake."

Nililichukulia kuwa utani. Ningelisikiliza vizuri, ningejua mapema alikuwa mtu wa namna gani.

Kwa maana huyu hakuwa mwoga, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Kulikuwa na Mzungu mwenye shamba upande wa juu, aliyeleta dume lake la ng'ombe machinjioni na akataka lipigwe muhuri haraka. Lilipochinjwa, Bwana Afya alilipasua mashavu na moyo, akakuta punje za tegu, akakataa. Mzungu alipiga kelele, akataja jina la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akainua fimbo. Wachinjaji wote walijificha nyuma ya ukuta. Yeye alisimama na muhuri wake mkononi, akasema kwa sauti ndogo kwamba bwana anaweza kumpiga, lakini muhuri hautapiga nyama ile. Dume likazikwa. Alikatwa mshahara kwa utovu wa adabu, na hakulalamika.

Basi yeye hakumwogopa Mzungu. Aliowaogopa ni sisi. Alikuwa mgeni kwetu, na mgeni hutaka kukaribishwa. Alisali kanisani kwetu, mlimani, na kila Jumapili alikaa benchi la nyuma peke yake, kwa sababu mume gani atakaa karibu na mtu aliyemmwagia mkewe maziwa? Baada ya ibada wazee walikuwa wakialikana kwenda kula. Hakuna aliyemwalika. Niliwahi kumwona akiwa amesimama karibu na baiskeli yake, akijifanya anapampu gurudumu ambalo halikuwa na tatizo, mpaka watu wote walipoondoka.

Mwaka wa ubarikio mkubwa, watoto wa mlima mzima walikuwa wabarikiwe siku moja, na wageni walikuwa waje mpaka kutoka Rungwe. Wiki mbili kabla, wazee walimwita Bwana Afya barazani. Walimwambia anamwaga chakula cha Mungu, anawadharau wanawake wa watu, na wameshampelekea jumbe wa eneo letu habari zake. Nilikuwepo. Aliomba radhi. Nilishangaa, sikuwahi kumsikia akiomba radhi kwa jambo la chakula. Wazee wakaridhika, wakamwambia siku ya ubarikio akae meza ya mbele, pamoja nao.

Dada ndiye aliyepewa usimamizi wa jiko. Kwetu kuna desturi ambayo wa pwani hawawezi kuijua, kwa sababu wao hawajui baridi ya mwezi wa sita. Mgeni wa mbali hapewi chakula baridi. Kumpa ni kumwambia arudi alikotoka. Kwa hiyo nyama ya karamu hupikwa jioni ya siku iliyotangulia, kwenye masufuria makubwa, kisha masufuria yanafunikwa majani ya mgomba na kuvikwa mablanketi, mablanketi mazuri ya kitandani kwa mtu, ili kesho yake baada ya ibada ndefu mgeni aikute nyama ikiwa bado na joto. Mama mwenye nyumba akileta blanketi lake la arusi, hiyo ndiyo heshima ya mwisho. Tulifanya hivyo tangu bibi zetu, ila bibi zetu walikuwa wakipikia watu kumi kwenye chungu, sisi tulikuwa tukipikia mlima mzima kwenye masufuria ya shule.

Jumamosi ile Bwana Afya alikuja kupima ng'ombe. Ng'ombe alikuwa mzima, hana dosari, na alipochinjwa akampiga muhuri wake wa zambarau. Jioni, kabla jua halijazama, akapita jikoni. Tulikuwa tukivika masufuria. Dada alikuwa ameleta blanketi lake la arusi, jekundu, lenye mstari mweusi, kitu pekee kizuri alichobakiwa nacho kutoka kwa marehemu mumewe. Akamwambia Bwana Afya, kwa furaha kabisa:

"Njoo uone, Bwana Afya. Leo huna cha kumwaga."

Akasimama. Aliyatazama masufuria yale moja baada ya moja. Nilimwona akinyoosha mkono na kuugusa ubavu wa sufuria chini ya blanketi, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa pembeni, akamwita, "Bwana Afya, kesho usichelewe, kiti chako kiko karibu na changu." Bwana Afya akautoa mkono. Akasema, "Mmefanya kazi kubwa, mama," akapanda baiskeli yake akaondoka.

Hakuuliza nyama ilitoka motoni lini. Kwa miaka yote niliyomjua, ile ndiyo mara ya pekee hakuuliza.

Jumapili nilikuwa mgawaji wa meza ya mbele. Nilimpakulia mimi mwenyewe, nyama nzuri ya mgongo, kwa kuwa nilifurahi kumwona amekaa na wenzake, akicheka, kofia juu ya goti. Nilipokuja kukusanya sahani, yake ilikuwa na nyama yote. Alikuwa ameisogeza ukingoni na kuifunika kwa wali, wali ule uliopikwa asubuhi. Nikamuuliza, hukuipenda? Akasema, "Nimeshiba, dada, imenitosha." Nikaiondoa sahani, nikampa nyama ile mtoto wa jirani aliyekuwa akilamba vidole. Huyo mtoto aliumwa siku tatu akapona. Namshukuru Mungu kwamba alipona, maana ni mkono wangu uliompa.

Jumatatu kulipopambazuka mlima mzima ulikuwa unaumwa tumbo. Kulikuwa na nyumba ambazo hapakuwa na mtu wa kumletea mwenziwe maji. Mzee mmoja aliyekuwa mdhaifu tangu masika alifariki siku ile, na mtoto wa miaka mitatu alifariki kesho yake. Walipozikwa, watu walianza kuulizana. Nani alipika? Nani hakuumwa? Dada yangu hakuumwa. Wala sisi wa jikoni hatukuumwa, kwa sababu mpishi kwetu hali nyama ya karamu mpaka mgeni ashibe, na tulikuwa tumejipikia kisufuria chetu kidogo asubuhi ile ile, nyama ya ng'ombe yule yule, tukaila ikitokota. Lakini sisi wengine tulikuwa na waume na watoto waliokula kwenye karamu wakaumwa. Dada hakuwa na mtu. Mjane, hana mtoto, hana mgonjwa nyumbani, na hakula kwenye sufuria kubwa. Kwa watu waliokuwa na msiba hiyo ilitosha kusema ni yeye aliyetia ubaya.

Bwana Afya alikuja na daftari. Siku mbili alitembea nyumba kwa nyumba, na hapo alifanya kazi nzuri kuliko zote nilizomwona akifanya. Alimuuliza kila mtu: ulikula nini, kutoka sufuria lipi, saa ngapi, tumbo lilianza lini? Waliokula wali na maharage peke yake hawakuumwa. Waliokula nyama ya masufuria yaliyovikwa waliumwa karibu wote, na waliumwa saa zile zile za alfajiri. Waliokula kisufuria cha jikoni hakuna aliyeumwa. Nilimfuata nyumba ya mwisho, nikaona alivyokuwa akiandika, msalaba kwa mgonjwa na duara kwa mzima. Mtoto wa shule angeielewa ile karatasi. Kile kile ambacho watu walimshitaki nacho dada, kwamba hakuumwa, kwenye daftari lile ndicho kilichomtoa hatiani. Ng'ombe mmoja, mpishi mmoja, chumvi moja. Tofauti ilikuwa blanketi na usiku mzima.

Dada alipoitwa barazani, nikamwambia aende bila hofu. Nilimwambia hivyo mimi, kwa mdomo wangu.

Baraza lilikaa nje ya ukuta wa kanisa. Jumbe alikuja, wazee wakakaa, waliofiwa wakakaa mbele. Jumbe akamuuliza Bwana Afya:

"Ng'ombe alikuwa mzima?"

"Alikuwa mzima. Nilimpiga muhuri mwenyewe."

"Basi ubaya uliingilia jikoni."

Bwana Afya akakung'uta vumbi kwenye kofia yake.

"Bwana Afya, wewe ni mtu wa serikali. Tuambie. Uliingilia jikoni au haukuingilia?"

Daftari lilikuwa mfukoni mwake, niliiona ncha yake. Dada alikuwa amesimama, anamtazama yeye tu. Bwana Afya akatazama kofia yake, akasema, "Uchunguzi bado unaendelea, jumbe." Kisha akaketi. Nikainuka mimi, nikapaza sauti kwamba waulize habari ya masufuria, waulize daftari limeandikwa nini. Mzee mmoja akaniambia nikae chini, nisimtetee ndugu yangu mbele ya wafiwa. Nikamwita Bwana Afya kwa sauti. Hakuinua uso.

Hawakumpiga dada, na mpaka leo wapo wanaojisifu kwa hilo. Walimwambia aondoke kwa amani. Walipomaliza kumwambia, vijana walikuwa wameshaanza kung'oa nyasi za paa lake. Aliondoka na ndoo ya maziwa na nguo alizovaa, akaenda Ubaruku kwa mjomba, kwenye mpunga na mbu, yeye mtu wa viazi na baridi. Shamba lake wakagawana. Kaburi la mumewe lilikuwa katikati ya shamba hilo.

Nilimkuta Bwana Afya sokoni kesho yake, anakagua maziwa kama kawaida. Nilimuuliza kwa nini. Ajabu ni kwamba alinijibu, kwa utulivu, kama siku ile ya kwanza ya mtindi. Alisema angetoa daftari, wangemuuliza alikuwa wapi Jumamosi jioni. Mzee alimwona jikoni. Angefukuzwa kazi, na watu wasingemsikiliza tena kwa lolote.

"Na mimi nikiondoka, dada, nani atakagua nyama ya mji huu? Watakufa wangapi? Fikiri. Huku ni mtu mmoja, na hajafa. Huku ni mji mzima."

Alikuwa amepiga hesabu ya hatari, kama alivyozoea. Alimpima dada yangu pale barazani kama anavyopima ndoo, akaona hasara ni ndogo. Nilimtemea mate kwenye kiatu. Watu walisema nina kichaa cha msiba, na sikuwahi kumwomba radhi.

Alihamishwa, kisha akastaafu, akarudi kwao. Miaka ikapita. Dada aliniletea habari mara moja tu kwamba anaumwa kifua na angependa kurudi azikwe karibu na mumewe, kama watu watamruhusu. Nikawauliza wazee. Wakasema arudi mtu safi. Nikajua ni mdomo wa nani unaotakiwa.

Nikampelekea Bwana Afya salamu kwa dereva wa lori kwamba Jumamosi nakuja. Nilipanda basi mpaka Iringa, nikalala kwa watu wa kanisa, asubuhi nikatembea mpaka Kalenga. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake, amekonda, macho yake yamekuwa ya manjano. Mkewe, mama mpole mwenye sauti ya chini, alinipokea mzigo.

"Kamwene, dada. Karibu sana. Amekutaja sana, wewe wa Mbeya."

Tulikaa ndani. Sikutaka kuanza kabla ya kula, ingekuwa kumkosea adabu yule mama. Akaenda pembeni ya chumba, na hapo nikaona sufuria limevikwa blanketi.

Bwana Afya naye aliliona. Nilikuwa namtazama yeye, si sufuria. Macho yake yalikwenda pale, yakakaa, kisha yakatoka nje mlangoni. Mkewe akapakua, kuku wa kienyeji, na mvuke kidogo juu yake. Mbele yangu akaweka bakuli. Mbele ya mumewe akaweka maharage.

"Na wewe baba, kuku je?" nikamuuliza.

"Tumbo langu siku hizi ni maharage tu," akasema. "Mgeni na ale."

Nikalisukuma bakuli.

"Mama," nikamwambia mkewe, "usinione sina adabu. Huyu kuku ametoka motoni lini?"

"Jana jioni, dada. Ulisema unakuja, nikaona utoke mbali ukute cha moto. Nimekufunikia na blanketi langu mwenyewe."

"Unajua mume wako alikuwa akifanya kazi gani kwetu?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya masufuria ya shule, mkono ulioingia chini ya blanketi la arusi, nyama iliyofichwa chini ya wali, mzee, mtoto, daftari, nyasi za paa. Sikupunguza sauti. Nilipomaliza, yule mama alikuwa bado ameshika upawa.

"Baba nanihii," akamwita, "ulijua?"

Akayasogeza maharage yake pembeni.

"Nilijua."

"Na leo?"

"Umemfunikia kwa heshima, mama. Ningesemaje mbele ya mgeni?"

Mkewe alichukua sufuria na bakuli langu, akatoka. Nilimsikia akichimba kwa jembe nyuma ya nyumba. Bwana Afya akainuka kwa shida, akafungua sanduku, akanipa daftari. Lilikuwa limefungwa kwa kitambaa. Ukurasa ule ulikuwapo, misalaba na maduara, na chini yake, kwa mwandiko wa baadaye, alikuwa ameandika kwamba Jumamosi jioni alipita jikoni, akaona, hakusema, na mama mpishi hana kosa. Alikuwa ameweka jina lake na tarehe.

"Wapelekee," akasema.

"Nyumbani karatasi ni ya kodi na ya kuitiwa shauri. Wazee hawataki karatasi, wanataka mdomo wako. Kesho kuna basi la Mbeya. Twende."

Alitazama miguu yake, akasema imevimba, akasema labda baada ya mvua. Hapo nikamwambia yote niliyokuwa nimeyaweka tangu barazani, na sitayaandika hapa. Alikuwa analia nilipotoka. Nilimwacha alie. Mkewe alinisindikiza mpaka njia kuu, na alinipa viazi vya kuchemsha vilivyokuwa bado vinaunguza mkono.

Nilishukia njiani nikaenda Ubaruku kwanza. Dada alikuwa anapepeta mchele mbele ya nyumba ya mjomba, akikohoa. Tangu aondoke kwetu hakuwahi kumpikia mtu mwingine, hata mjomba alijipikia. Nikamsomea ukurasa wote, polepole, mpaka kwenye jina. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Kwa hiyo amesema."

"Amesema, dada. Kwa mdomo wake pia. Nimemsikia."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya mkewe."

Akautikisa ungo tena, akapuliza makapi.

"Basi bado hajasema," akasema.